MJOMBA KAIMBA SAUTI TATU PEKE YAKE!

Msomaji wangu, usicheke. Mjomba wangu wa Ngamiani, Tanga, ana miaka 74, meno mawili ya mbele hana, na mwezi uliopita kaimba sauti ya kwanza, ya pili na ya tatu za wimbo mmoja. Ukisikiliza utadhani wamesimama wanaume watatu. Si uchawi, ni kaprogramu kadogo ndani ya simu yangu.

Enzi zake Mjomba alikuwa mwimbaji wa bendi ya dansi. Mbele walikuwa wanasimama watatu, na wenzake wote wawili wameshatangulia mbele ya haki. Wa mwisho, yule wa sauti ya tatu, tulimzika mwaka jana. Nilipokwenda kumjulia hali, Mjomba akaniambia, "Mpwa wangu, kuna wimbo wetu mmoja hatukuwahi kuurekodi. Nikienda mimi, ndio basi tena." Usiku ule sikulala vizuri.

Tukajaribu studio moja ya mjini. Fundi, kijana wa juzijuzi, akasema kwanza atutengenezee biti. Mjomba akauliza, "Biti ndiyo nini?" Alipoelezwa akachukua kofia yake, tukaondoka.

Basi nikaipakua ile programu. Ukiifungua unaona picha ya mashine: kitufe cha kurekodi, cha kurudisha nyuma, cha kusimamisha, vishikio vinne vya kupandisha na kushusha sauti, na kaseti inazunguka. Hakuna mbwembwe nyingine. Kumbe mashine inayoigwa ni ya kweli kabisa. Mwaka 1979 kampuni ya TEAC ya Japani, kwa jina la TASCAM, ilitoa kitu kinaitwa Portastudio 144. Kaseti ya kawaida ya stereo ina mistari minne ya sauti, au treki kama wanavyosema mafundi: miwili ya upande A na miwili ya upande B. Wajapani wakaifanya mashine itumie yote minne kwa mkupuo mmoja, tena utepe ukikimbia mara mbili ya kasi ya kawaida ili sauti iwe safi. Ndiyo maana kaseti ya dakika 60 humo ndani ilikuwa inakwisha kwa dakika 15 tu. Lakini mtu aliweza kurekodi gitaa kwenye treki ya kwanza, akalisikiliza huku anaimba kwenye ya pili, na kuendelea hivyo hivyo, peke yake chumbani.

Bruce Springsteen wa Marekani alijirekodi namna hiyo nyumbani, New Jersey, Januari 1982. Nia yake ilikuwa kuwaonyesha wanabendi nyimbo mpya tu. Bendi ilipozipiga studio hazikunoga, na kaseti ile ile, aliyokuwa anatembea nayo mfukoni bila hata kasha, ikawa albamu ya Nebraska mwaka huo huo.

Kwenye simu mambo haya yaliingia mapema. Mwaka 2008 Sonoma Wire Works walitoa FourTrack ya iPhone, na baadaye TASCAM wenyewe wakatoa programu ya iPad yenye sura ya mashine ya kaseti. Yangu ni ya ukoo huo huo, ila ya simu ya kawaida ya Android.

Kwa Mjomba hata treki nne zilikuwa anasa. Zamani wakienda kurekodi Radio Tanzania Dar es Salaam, bendi nzima ilipiga kwa pamoja. Mpiga tarumbeta akikosea ubeti wa mwisho, mnarudi mwanzo wote, na njaa mnayo!

Siku ya kwanza tulitibua kidogo. Nilimpa spika za masikioni zisizo na waya, sauti ikawa inamfikia kwa kuchelewa, naye akawa anaimba nyuma ya mwenyewe kama mwangwi wa pangoni. Tukatafuta za waya. Ukiziacha kabisa nazo, sauti ya mwanzo inaingia tena kwenye maiki na kuharibu kazi.

Halafu ikaja hesabu. Sauti tatu, gitaa la rithimu, gitaa la solo, na besi ambayo Mjomba alipanga kuipiga kwa nyuzi nene za gitaa lake. Jumla sita, treki nne. Dawa yake ni ile ile ya zamani: unarekodi sauti tatu, unazichanganya na kuzihamishia treki ya nne, kisha unafuta zile tatu za mwanzo upate nafasi. Ubaya wake ni kwamba zikishachanganywa hazitengani. Ni kama uji na sukari.

Nikahamisha. Nikafuta. Kwa haraka zangu.

Mjomba akasikiliza, kimya. Akarudia. Akavua spika masikioni akaniangalia. "Mbona mwenzangu haumsikii?"

Kweli bwana. Ile sauti ya tatu, ya marehemu, nilikuwa nimeishusha mno. Ilisikika kwa mbali kama mtu anaimba chumba cha pili. Na Mjomba koo lilikuwa limeshakauka, siku hiyo hawezi tena. Nilijisikia vibaya, we acha tu. Nilimwomba radhi, akasema, "Kesho ipo, inshallah."

Kesho yake aliamka na sauti nzuri kuliko jana. Tukaweka rithimu treki ya kwanza, solo ya pili. Ikabaki moja. Nikamuuliza, "Mjomba, tunaweka besi?" Hakujibu haraka. Alikaa na gitaa mapajani, anakuna uzi mnene kwa kidole gumba. Kisha akaliweka chini akasema, "Muweke yeye."

Akaiimba upya sauti ya tatu, amefumba macho, kwa kile kitetemeshi cha mwisho wa mstari alichokuwa nacho marehemu. Ile hafifu ya jana ikabaki chini yake, na kwa kuwa hazikulingana sawasawa, zinasikika kama watu wawili tofauti.

Wimbo hauna besi. Tuliutuma kwa mjane kwa WhatsApp, jioni akapiga simu na Mjomba akatoka nje kuipokea. Aliporudi aliniuliza kama Jumapili nina nafasi, maana kakumbuka wimbo mwingine, na huo besi lazima iwepo.