Mbio za Gari la Mbao Huamuliwa Kwenye Ekseli

Mtoto wa Kabati, Kitui, akiambiwa apeleke shuleni gari la mbao, mzazi huanza na umbo. Si ajabu. Hapa ni Ukambani, na tangu Mutisya wa Munge wa Wamunyu aliporudi kutoka Vita vya Kwanza vya Dunia na ufundi wa kuchonga vinyago, tezo na kisu si vitu vigeni kwetu. Basi gari huchongwa pua, hupakwa rangi nyekundu, huandikwa nambari ubavuni. Likiachiliwa juu ya ubao ulioinamishwa, linashuka kidogo, linapinda kushoto, linasimama. Gari la jirani, kipande cha mbao kisichopitishwa hata randa, linalipita.

Gari hili halina injini. Nishati yake yote hutokana na kimo linakoachiliwa. Likishuka kimo cha mita 1 bila kupoteza chochote, litafika chini kwa mwendo wa mita 4.4 hivi kwa sekunde, yaani karibu kilomita 16 kwa saa. Hakuna fundi wa kuvuka kiwango hicho. Kinachobaki ni kuzuia upotevu, na kwa mwendo huo mdogo upepo hauchukui nyingi. Mwizi mkubwa yuko pale ekseli inapokutana na tundu lake.

Tuseme gurudumu lina upana wa milimita 60 na ekseli ni kijiti cha milimita 12. Kila gari linaposonga sentimita 5, uso wa kijiti husuguana na tundu kwa sentimita 1. Sasa ondoa kijiti, utie spoki ya baiskeli, ambayo unene wake ni kama milimita 2. Kwa mwendo ule ule wa sentimita 5, msuguano unafanyika kwa chini ya milimita 2 tu. Upotevu umepungua mara sita, na hujagusa kitu kingine chochote. Ndiyo maana mtu aliyetumia misumari myembamba humshinda aliyetumia vijiti vinene, hata kama gari lake linachusha macho.

Hapo ndipo mtoto anapoingia. Msumari wa dukani una mikwaruzo karibu na kichwa chake, iliyoachwa na mashine iliyoubana wakati wa kuutengeneza. Mpe mtoto msasa, kwanza wa chembe kubwa kisha laini, ausugue mpaka kucha isikwame popote. Ni kazi ya dakika nyingi isiyohitaji nguvu wala kukata vidole. Kisha avunje penseli, asage kile cheusi cha ndani kiwe unga, autie tunduni. Hiyo ni grafiti, na inateleza vizuri. Mafuta ya cherehani yanavutia, lakini kwa vumbi letu la Kitui hayafai: yakishika vumbi yanageuka tope linalokwaruza. Ganda la kalamu lililokatwa kipande nalo ni zuri likipachikwa kwenye tundu la mbao, spoki ikazunguka ndani yake.

Kisa cha mchezo huu kinajulikana. Mwaka 1953 huko Manhattan Beach, California, Don Murphy, kiongozi wa maskauti wadogo, alikuwa na mtoto wa miaka 10 ambaye hakufikia umri wa kushindana katika magari makubwa ya mteremko. Akabuni mbio za magari madogo ya msonobari ambayo mtoto angeweza kuyatengeneza na mzazi wake. Kifurushi cha kila gari kilikuwa na kipande cha mbao, misumari minne ya ekseli na magurudumu manne, na uzito wa gari haukutakiwa kuzidi gramu 142 hivi. Marekani mbio hizo bado zipo, na lalamiko kuhusu akina baba wanaotengeneza gari lote peke yao halijaisha.

Sisi tunalo lalamiko lile lile kwa sura nyingine. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa mwaka 2019 kwa jina la CBC, unamtaka mzazi ashiriki katika kazi za mtoto. Wapo wanaomlipa fundi wa jua kali na kumbebesha mtoto kitu kilichokamilika. Nawaelewa, maana kazi za kutwa zinachosha. Lakini mgawanyo mzuri wa kazi upo wazi: msumeno, keekee na msumari uliochomwa motoni ni vya mzazi; kusugua, kupima na kujaribu ni vya mtoto. Kwa bahati, mbio huamuliwa katika nusu ile ya mtoto.

Mbao haihitaji kununuliwa. Mabaki ya mukau au grevilea yanayotupwa kwa maseremala yanatosha. Toboa matundu ya ekseli kabla ya kuchonga umbo, wakati ubavu wa mbao bado umenyooka. Ukitoboa baadaye, matundu yatapishana na gari litapinda. Jaribio la unyoofu ni jepesi: kwenye sakafu ya saruji, mtoto alisukume polepole kwa mita tatu, alitazame kutoka nyuma. Likipinda, arekebishe ekseli moja tu, ajaribu tena. Akigusa mbili kwa pamoja hatajua ni ipi iliyoponya.

Magurudumu ya mbao yakiwa mazito yanakula nishati kwa kuzunguka kwake. Gari la gramu 200 ambalo gramu 50 ni za magurudumu ya mviringo mzima hupoteza moja ya tisa ya nishati humo. Miduara iliyokatwa kwenye soli ya malapa ni myepesi na haitelezi. Uzito wa ziada, kama nati au misumari, uwekwe nyuma, mbele kidogo ya ekseli ya nyuma: kwenye mteremko, nyuma ndiko juu, hivyo uzito huo unashuka kimo kikubwa zaidi. Ukizidi, pua hunyanyuka na gari hutangatanga.

Mbio zifanyike kwenye veranda ya shule au uwanjani kwa mbao mbili za kujengea. Lami ile inayopanda kutoka Kibwezi kupitia Mutomo na Kitui hadi Kabati na Migwani ni laini, nayo inawavutia watoto. Ni ya malori na bodaboda. Asiachwe mtoto akaifanya uwanja.

Walimu wa Kabati, nina ombi. Mkiandaa mbio hizi, pimeni kila gari kwa mizani ya duka, wekeni kikomo kimoja cha uzito, gramu 200 kwa mfano. Kisha kabla ya gari kuachiliwa, mwambieni mtoto alitoe gurudumu moja na kulirudisha mbele ya wenzake. Asiyeweza, gari lake lisishindane siku hiyo. Arudi nyumbani na mzazi wake, na msasa.