Wimbo Usio na Jina: Jinsi Muziki wa Intaneti Unavyofika Kashuga

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi wimbo mpya unavyotoka kwenye intaneti ukafika Kashuga, na jambo moja linaloupata njiani, yaani kupotea kwa jina lake. Huenda jambo hili likaonekana dogo. Lakini sisi tunaoshughulika na lugha tunajua kwamba kitu kisicho na jina ni vigumu kukiulizia, na wimbo usioweza kuuliziwa haumrudishii chochote aliyeuimba.

Kashuga ni mji mdogo wa Masisi, kwenye barabara itokayo Goma kupitia Sake, Kitchanga na Mweso, ikaendelea hadi Kalembe na Pinga upande wa Walikale. Kwa sababu hiyo ni mahali lugha zinapokutana: Kihunde, Kinyarwanda na Kinyanga husikika huko, na Kiswahili ndicho kinachowaunganisha wasemaji wake sokoni. Kwa miaka mingi Kashuga imepokea wakimbizi wa ndani kutoka vijiji vya jirani, na mara nyingine wenyeji wake wenyewe wamelazimika kufunga mizigo. Mtu anayehama usiku habebi redio kubwa wala gitaa. Hubeba simu, na ndani ya simu hiyo mna nyimbo zake zote.

Njia ya wimbo

Msomaji aliye Dar es Salaam au Nairobi huenda akadhani kwamba kugundua wimbo ni kufungua YouTube au Boomplay na kusikiliza kinachopendekezwa. Goma ni hivyo pia, kwa kiasi. Lakini katika vijiji vya barabara hii rezo, kama wenyeji wanavyoyaita mawimbi ya simu, ni hafifu na hukatika. Megabaiti ni ghali kwa mtu anayeishi kwa kuuza maharagwe. Nao umeme hutoka kwenye paneli za jua. Basi intaneti hukaa mbali, na miziki huletwa kwa mkono. Aliyefika Goma, mara nyingi dereva wa pikipiki au mfanyabiashara, hupakua nyimbo huko na kurudi nazo kwenye kadi ya kumbukumbu. Kibanda cha kuchajia simu ndicho duka la muziki: mteja anayesubiri betri ijae hulipa kidogo ili awekewe nyimbo. Baada ya hapo hakuna malipo tena. Simu hupokezana wimbo kwa Bluetooth, au kwa programu kama Xender inayounganisha simu mbili moja kwa moja bila kutumia hata megabaiti moja.

Hesabu yake ni hii. Wimbo wa MP3 wa ubora wa kawaida, yaani kilobiti 128 kwa sekunde, huchukua takriban megabaiti moja kwa kila dakika. Kadi ndogo ya gigabaiti 8 huweza basi kubeba nyimbo zipatazo 2,000 za dakika nne nne, ambazo ni zaidi ya zile zinazoweza kuingia katika kaseti 100 za dakika 60. Wala si Kashuga peke yake. Kaskazini mwa Mali, huko Kidal, Mmarekani Christopher Kirkley alikusanya nyimbo kutoka kadi za simu za watu, na tangu mwaka 2010 akaanza kuzitoa kwa kaseti na kisha kwa santuri. Ilimbidi kuwatafuta waimbaji mmoja mmoja, kwa kuwa wengi hawakujulikana. Kuba nayo ina diski inayopita nyumba kwa nyumba kila wiki, imejaa filamu na nyimbo zilizopakuliwa na wachache.

Jina linapotelea wapi?

Watu wengi hudhani kwamba jina la wimbo limo ndani ya sauti yenyewe. Sivyo. Katika faili ya MP3 jina ni kitu kilichobandikwa kando, kama karatasi kwenye chupa ya dawa. Ubandikaji huu, uitwao ID3, ulibuniwa mwaka 1996, na umbo lake la kwanza lilikuwa na baiti 128 tu mwishoni mwa faili: herufi 30 kwa jina la wimbo, 30 kwa mwimbaji, 30 kwa albamu, 4 kwa mwaka, na nyinginezo kidogo. Matoleo ya baadaye yalipanua nafasi hiyo, lakini kanuni ni ile ile: sauti huweza kusafiri bila karatasi yake.

Na karatasi hiyo hubanduka kwa urahisi. Mtu anapotoa sauti kutoka kwenye video kwa programu za kupakulia, faili inayozaliwa mara nyingi haina maandishi yoyote ndani, au ina jina la tovuti iliyotumika badala ya jina la mwimbaji. Faili ikipitia WhatsApp kama sauti, hupewa jina jipya: herufi AUD, tarehe, kisha WA na nambari. Hivyo wimbo uliotungwa kwa miezi kadhaa huingia Kashuga ukiitwa tarehe uliyotumwa. Tarehe yenyewe haihusiani hata na siku ulipoimbwa.

Wasikilizaji hawakai kimya. Huuita wimbo kwa neno la kiitikio, au huuimba kidogo ili mwenye kibanda autambue. Njia nyingine, ambayo kwa mwanaisimu ndiyo yenye kuvutia zaidi, ni kuzigawa nyimbo kwa lugha: Kiswahili cha pwani ni cha Watanzania, Kilingala ni cha Kinshasa. Kipimo hiki husaidia, ila hudanganya pia. Innoss'B ni mzaliwa wa Goma, jirani yetu kabisa, lakini wimbo wake «Yope» una Kilingala kingi. Kwa kipimo hicho angehesabiwa kuwa mtu wa Kinshasa. Mwaka 2019 alipourudia pamoja na Diamond Platnumz, Kilingala na Kiswahili vikawa katika wimbo mmoja, na video yake ikatazamwa zaidi ya mara milioni 100. Faili moja ya wimbo huo isiyo na jina, asiyeujua angeiweka wapi?

Patasemwa kwamba kuna Shazam. Ni kweli kwamba huduma hiyo, iliyoanza Uingereza mwaka 2002, husikiliza sekunde chache za wimbo, huchukua alama za sauti zilizo na nguvu zaidi, na kuzilinganisha na hazina yake. Lakini huhitaji rezo ili ipate jibu, tena hutambua tu kile ambacho mtu alikwisha kukiweka katika hazina. Wimbo wa Diamond umo. Wimbo wa kwaya ya Kashuga, uliorekodiwa kwa simu chini ya turubai, haumo, na hautatambuliwa hata mtu akiwa chini ya mnara wa rezo mjini Goma.

Walioandikwa majina

Haikuwa hivi daima. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimrekodi Mwenda Jean Bosco huko Jadotville, mji unaoitwa sasa Likasi. Santuri ilibeba jina la mwimbaji, na jina hilo lilitangulia kufika Nairobi kabla ya Bosco mwenyewe kwenda huko na kuimba. Karibu zaidi nasi, katika Walikale, Daniel Biebuyck aliunakili mwaka 1956 utendi wa Mwindo kutoka kinywani mwa Mnyanga Shé-Kárisi Rureke, aliyeusimulia na kuuimba kwa siku 12. Mwaka 1969 Biebuyck na mwanaisimu Kahombo Mateene waliuchapisha. Leo mwanafunzi yeyote, akiwa Berkeley au Bukavu, hujua ni nani aliyesimulia na alikuwa mtu wa wapi. Bila hata betri moja ya simu, Rureke ameishi katika maandishi kwa zaidi ya nusu karne, ilhali kijana anayeimba leo katika kambi hupoteza jina lake kabla wimbo haujavuka Mweso.

Kuna hasara ya mali pia. Wimbo unaopelekwa rasmi kwenye tovuti za muziki hupewa namba ya utambulisho ya herufi na tarakimu 12, iitwayo ISRC, na kwa namba hiyo kila usikilizaji huhesabiwa. Nakala inayopita mkono kwa mkono haihesabiwi. Sheria ya Kongo kuhusu haki za watunzi, ya tarehe 5 Aprili 1986, ipo. Lakini mtunzi ataidai vipi haki juu ya AUD na tarehe? Hatulaumu vibanda vya kuchajia. Pasipo vibanda hivyo miziki hiyo isingefika kabisa.

Hatuna budi kutaja tahadhari moja. Katika nchi iliyopita vita vingi kiasi hiki, wapo waimbaji wanaotaka wimbo uende na jina libaki. Anayeimba juu ya waliochoma kijiji chake ana haki ya kujificha, na mkusanyaji amwulize kwanza kabla ya kuandika chochote.

Kwa wanaokubali, kazi yenyewe ni ya dakika moja. Simu nyingi huruhusu kubadili jina la faili kwa kulibonyeza na kulishikilia. Bluetooth husafirisha faili pamoja na jina hilo, na WhatsApp pia hulihifadhi ikiwa wimbo umetumwa kama hati wala si kama sauti. Wanafunzi wetu wanaotoka barabara ya Mweso wanaweza kuanzia kwenye simu zao wenyewe. Maneno «Kwaya Kashuga, Kihunde, 2024», tukihesabu nafasi na mikato, yana herufi 28. Yanaenea hata katika ile nafasi ya zamani ya herufi 30.