Maji, Haidrojeni na Tafsiri: Mfano wa Isiolo

Makala haya yanachunguza istilahi chache za sayansi na tiba zinazohusu maji na haidrojeni, na matatizo yanayojitokeza zinapotoka kamusini na kufika kwa mgonjwa. Isiolo imeteuliwa kuwa mfano kwa sababu mbili. Kwanza, maji huko ni jambo la uhai na mauti: katika ukame wa 2020 hadi 2023 misimu mitano ya mvua ilipita mfululizo bila mvua ya kutosha. Pili, mji huu ni njia panda ya lugha. Mborana husema bishaan, Msomali biyo, Mturkana ngakipi, Msamburu nkare na Mmeru ruuji. Wanapokutana katika foleni ya zahanati, Kiswahili ndicho kinachowaunganisha wao kwa wao na pia na mhudumu. (Inapendeza kuona kwamba biyo na ngakipi, kama yalivyo maji yetu, huchukua upatanisho wa wingi.)

Tuanze na neno haidrojeni lenyewe. Mwaka 1766 Henry Cavendish aliieleza gesi hii kama hewa inayowaka. Jina tunalolijua lilitokana na kazi ya Lavoisier na wenzake nchini Ufaransa, waliopanga upya majina ya kemia mwaka 1787. Walichukua mizizi miwili ya Kiyunani, mmoja wa maji na mwingine wa kuzaa, kwa kuwa gesi hiyo ikiungua huzaa maji. Wajerumani walilitafsiri jina hilo wakapata Wasserstoff, yaani kitu cha maji. Kiswahili hakikutafsiri, kilitohoa. Ndiyo maana leo tunakutana na haidrojeni na hidrojeni katika maandishi, umbo la kwanza likifuata matamshi ya Kiingereza na la pili likikaribia tahajia. Kwa maoni yangu, mzozo kuhusu maumbo haya mawili umepewa uzito usiostahili. Mwanafunzi hapotei kwa sababu ya irabu moja. Hupotea anapodhani kwamba kiambishi haidro kina maana moja tu.

Kina maana mbili. Katika majina mengi ya magonjwa humaanisha maji. Katika majina mengi ya kemikali humaanisha haidrojeni. Haidrokaboni, kwa mfano, ni kampaundi ya haidrojeni na kaboni. Mafuta ya taa ni mchanganyiko wa haidrokaboni, na hayana uhusiano wowote na maji. Mtu yeyote aliyeyamimina majini ameona yanavyoelea. Mfasiri anayeona haidro na kuandika "maji" kila mara atatuletea "kaboni ya maji", istilahi yenye sura ya Kiswahili na maana ya uongo. Hali kadhalika asidi haidrokloriki iliyo tumboni mwa kila mmoja wetu: haidro yake ni haidrojeni. Kutohoa hapa si uvivu. Ni kinga.

Katika tiba mambo hugeuka, kwani huko Kiswahili kina maneno yake ya kale, tena yenye ufasaha kuliko ya kigeni. Maji yakijaa katika mfuko wa korodani, watu husema busha au ngirimaji, na hakuna haja ya kuunda jingine. Ugonjwa ambao Wayunani waliuita woga wa maji, kwa kuwa koo la mgonjwa hukakamaa anapojaribu kunywa, sisi huuita kichaa cha mbwa. Wao walitazama dalili, sisi tukatazama chanzo. Kwa mfugaji wa Isiolo mwenye mbwa wa kulinda mifugo, jina letu lina faida kubwa zaidi, maana linamwambia ajihadhari na nini.

Lakini si kila neno la asili linafaa. Mtoto anapozaliwa na giligili nyingi kupita kiasi ndani ya ubongo, kichwa hupanuka. Tafsiri ya moja kwa moja ingekuwa "kichwa maji". Tunajua neno hilo linamaanisha nini mitaani: mtu asiye na akili timamu, wa kudharauliwa. Euphrase Kezilahabi alilifanya jina la riwaya yake ya mwaka 1974. Daktari hawezi kumtamkia mzazi neno hilo, hata kama kila silabi yake ni sahihi. Afadhali aseme "maji yamezidi kichwani mwa mtoto", japo ni sentensi na si istilahi. Waundaji wa istilahi hupenda neno moja. Wodini, sentensi fupi yenye heshima mara nyingi hushinda.

Mfano unaostahili kuangaliwa kwa makini zaidi ni maji ya chumvi. Katika eneo la Merti, maji ya visima virefu ni matamu sehemu ya kati ya tabaka linaloyahifadhi, lakini pembezoni huwa na chumvi. Kwa hiyo mkazi wa huko anaposikia "maji ya chumvi" anafikiria kwanza kisima. Muuguzi naye hutumia maneno hayo hayo kwa maji ya kutundikiwa mshipani, yenye gramu 9 za chumvi kwa kila lita, na wengine huyatumia hata kwa dawa ya kunywa ya kurudisha maji mwilini. Vitu vitatu, jina moja. Mama anayeambiwa ampe mtoto anayeharisha "maji ya chumvi" anaweza kabisa kuchota ya kisimani, na chumvi ikizidi huvuta maji kutoka mwilini badala ya kuyarudisha.

Jina hilo lina kasoro nyingine: limeacha sukari. Ukuta wa utumbo hufyonza chumvi kwa urahisi zaidi ikiambatana na sukari, kisha maji hufuata. Bila sukari, dawa hiyo hupoteza sehemu kubwa ya nguvu yake. Istilahi "upungufu wa maji mwilini" nayo inaeleza nusu tu ya tatizo, kwani anayeharisha hupoteza maji pamoja na chumvi zake, na kumpa maji matupu hakutoshi.

Ningependekeza tuseme "maji ya sukari na chumvi", sukari ikitangulia. Mpangilio huo unalitenga jina na kisima, na unafuata vipimo vyenyewe pale ambapo pakiti ya dawa haipatikani: lita moja ya maji safi, vijiko sita vya sukari, nusu kijiko cha chumvi. Kijiko kinachokusudiwa ni cha chai, kilichosawazishwa juu, si kilichorundikwa.