Gari Lililosimama Vibaya Nalo Hujeruhi

Manundu ni kata ya Mji wa Korogwe, mkoani Tanga, kando ya barabara kuu itokayo Segera kuelekea Same, Moshi na Arusha. Malori ya masafa marefu, mabasi, bajaji, bodaboda, baiskeli na waenda kwa miguu hukutana hapo. Usiku wa tarehe 3 Februari 2023, wilayani Korogwe, lori liligongana na basi dogo lililokuwa likisafirisha mwili wa marehemu kutoka Dar es Salaam kwenda Moshi. Watu wasiopungua 17 walifariki dunia. Ajali za namna hiyo hutangazwa nchi nzima. Makala haya yanahusu madhara yasiyotangazwa: yale yatokanayo na dereva kusimamisha chombo popote panapomfaa, na mwenzake kupita hapo bila kupunguza mwendo.

Watu wengi huliona kosa la maegesho kuwa utovu wa adabu tu. Kwa mtazamo wa tiba, kosa hilo ni chanzo cha majeraha, na hudhuru kwa njia tatu.

Kwanza, huziba macho. Basi linaloshusha abiria karibu na kivuko humficha mtoto anayetaka kuvuka, na humficha dereva anayekuja. Tuchukulie kwamba dereva huhitaji sekunde 1 kutambua hatari na kukanyaga breki, na kwamba lami ni kavu. Akiwa katika mwendo wa kilomita 30 kwa saa, gari lake litasimama baada ya mita 13 hivi. Akiwa katika kilomita 50 kwa saa, atakuwa amekwenda mita 14 kabla breki hazijaanza kushika, na atahitaji nyingine kama hizo ili asimame. Basi, mtoto akijitokeza umbali wa mita 14, dereva wa kwanza atasimama kabla ya kumfikia. Wa pili atamgonga kwa kasi ileile aliyokuwa nayo. Kilomita 50 kwa saa ndicho kikomo cha kisheria katika maeneo ya makazi. Kwa hiyo, pale ambapo gari limeziba njia ya macho, kutii kikomo peke yake hakutoshi.

Pili, humsukuma mwenda kwa miguu barabarani. Pikipiki zikijaa ukingoni, anayelazimika kuingia kwenye lami ni mjamzito, mzee mwenye mkongojo, asiyeona, au mgonjwa aliyetoka kufungwa plasta. Mtu mzima mwenye afya huvuka barabara ya mita 7 kwa sekunde 6 hivi. Anayetembelea magongo huweza kuhitaji sekunde 12, na katika muda huo gari la kilomita 50 kwa saa husafiri zaidi ya mita 160. Gari analoliona mbali na kulidhania salama humkuta bado yuko katikati ya barabara.

Tatu, huchelewesha msaada. Mama anayevuja damu baada ya kujifungua anaweza kufariki katika muda mfupi. Gari la wagonjwa laweza kufika haraka hadi mjini, kisha likakwama mbele ya lango la kituo kwa sababu ya teksi iliyoachwa bila dereva. Dakika zinazopotea hapo hakuna dawa ya kuzirudisha.

Anayegongwa akiwa kwa miguu mara nyingi huumia muundi, nyonga, kifua na kichwa. Ukimkuta, zuia kwanza magari yasimgonge tena. Kandamiza kwa kitambaa safi jeraha linalotoa damu. Usimvute wala kumketisha, kwani shingo au uti wa mgongo huenda umevunjika; mwondoe tu ikiwa mahali hapo pana hatari kubwa zaidi. Usimpe chakula wala kinywaji. Hata akisimama na kusema yu mzima, apelekwe kupimwa: damu yaweza kuvujia ndani ya fuvu au tumbo, na dalili zikajitokeza saa kadhaa baadaye. Kuumwa kichwa kunakozidi, kutapika, kusinzia kusiko kwa kawaida au maumivu ya tumbo ni sababu za kumrudisha hospitali bila kukawia.

Mhudumu wa afya ana kazi mbili zaidi. Anapomruhusu mgonjwa mwenye magongo au macho dhaifu kurudi nyumbani, amweleze yeye na ndugu zake namna ya kuvuka: asitokee nyuma ya basi wala lori, na asindikizwe. Anapompokea majeruhi, aandike mahali alipogongwa, saa, aina ya chombo, na iwapo kulikuwa na gari lililoziba njia. Kumbukumbu kama hizo, zikikusanywa bila majina ya wagonjwa, huonyesha eneo linalojeruhi watu mara kwa mara. Hapo uongozi wa kata unaweza kuwaendea askari wa usalama barabarani, TANROADS kwa barabara kuu, au TARURA kwa barabara za mitaa, ukiwa na ushahidi mkononi.

Kwa dereva, lililo muhimu ni dogo: asiegeshe kwenye kivuko, kwenye kona wala langoni mwa kituo cha afya, na akiona basi limesimama, apunguze mwendo kana kwamba tayari amemwona mtoto aliye nyuma yake.