Ampli na bafle za gari: namna ya kuchagua

Ndugu wanafunzi, wengi mumetuuliza juu ya nini bafle za kwaya zilinyamaza siku ya pili ya safari, na franka mlizochanga zilienda wapi. Prefe ameruhusu tununue zingine za kufunga katika pikapu. Basi mbele ya kutoa franka tena, ni vizuri kila mtu ajue mambo haya. Sisi makapita ndio tulifunga zile nyuzi, hatuwezi kusingizia mwengine.

Bafle ya besi, ile wengine wanaita kesoni, kazi yake ni sauti za chini tu, tangu herzi 20 hivi mpaka 80 ao 100. Maneno ya muhubiri hayakai pale. Mwenye kununua besi peke yake atasikia dum-dum, lakini maneno hapana.

Sokoni utaona karto imeandikwa watt 1000. Usishangilie! Hiyo ni nguvu ya nukta moja, pengine ni uongo kabisa. Tafuta herufi RMS, ndiyo nguvu ambayo bafle inabeba bila kuchoka, na ile ya ampli na ya bafle zikaribiane. Tena ampli ikisukumwa kupita uwezo wake, sauti inaharibika, na inaweza kutoa karibu mara mbili ya nguvu yake. Hapo koili ya bafle inaungua.

Sasa ohm. Hapa ndipo tulianguka. Ampli yetu iliandikwa: si chini ya ohm 4. Siku ya kwanza tulikuwa na besi moja ya ohm 4, ilitumika vizuri. Siku ya pili tukaazima ingine ya namna ile ile, tukaunga plusi kwa plusi, minusi kwa minusi. Hesabu yake tulifundishwa katika fizika, hata kwenye egzame tuliipata: 4 na 4 zikiungwa hivyo zinakuwa 2. Ohm zikishuka nusu, kurenti inapanda mara mbili. Ampli ikawa moto kama pasi ya makaa, kisha harufu, kisha kimya. Tungeziunga kwa msururu zingekuwa ohm 8. Sauti ingepunguka, lakini ampli tungekuwa nayo leo.

Na batri je? Ampli ya watt 300 RMS ya klasi AB inapoteza karibu nusu katika joto. Ikisukumwa yote inaomba watt 600 hivi. Gawanya kwa volti 12, ni ampere 50. Ile ya klasi D inapoteza kidogo, inatosheka na ampere 30 na kitu. Kweli, muziki hausukumi yote kila wakati, lakini batri ya ampere-saa 60 haivumilii mkutano wa saa tatu moteri ikiwa imezimwa. Usiku wa kwanza tulifanya hivyo. Asubuhi walikuja kuomba pikapu impeleke mama mmoja mwenye uchungu kwenye matarnite. Moteri haikushika. Tulisukuma sote mpaka mteremkoni. Alifika salama, lakini hatujasahau namna bwana yake alivyotuangalia.

Uzi mwekundu utoke kwa batri yenyewe, na fizibule iwe karibu nayo, isipite sentimita 45. Inalinda uzi usichome gari ukigusa chuma. Uzi mwembamba wa redio hapana: tafuta wa milimita kare 16, wa shaba ya kweli, maana kuna wa aliminiamu uliopakwa shaba juu.

Sanduku la besi, sisi tunapenda lililofungwa kabisa. Lenye tundu linapiga kwa nguvu zaidi, lakini ni kubwa, na nyuma ya pikapu wanakaa watu.

Kwa hiyo tunaomba: ampli moja ya klasi D ya watt 300 kwa ohm 4, besi moja inayolingana, na franka zitakazobaki zinunue batri ya pili ya ampli peke yake, ile ya moteri isiguswe tena. Karatasi ya bei iko kwa kapita wa kwaya. Mwenye wazo lingine aandike, alete mbele ya siku ya ine.