Riwaya za Ukanda wa Dhahabu Zinaandikwa Saa Ngapi?

Anayeandika riwaya yake ya kwanza akiwa Kahama au Katoro, katika ukanda wa dhahabu kusini mwa Ziwa Victoria, huambiwa na kila mtu atafute muda. Lakini muda haukuwatosha hata waliomtangulia. Shaaban Robert aliandika akiwa karani katika serikali ya kikoloni. Euphrase Kezilahabi wa Ukerewe aliishi kwa ualimu, na Abdulrazak Gurnah, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2021, alifundisha Chuo Kikuu cha Kent mpaka akastaafu. Kuwa na ajira pembeni ni jambo la kawaida kwa mwandishi. Kilichobadilika ni kazi inayomsubiri baada ya kumaliza muswada.

Zamani mchapishaji ndiye aliyehariri, akatengeneza jalada, akapiga chapa na kusambaza. Nguvu ya kufanya hivyo aliipata kwenye vitabu vya kiada, ambavyo kampuni binafsi ziliruhusiwa kuvichapisha tangu 1991. Faida ya vitabu hivyo ilibeba riwaya inayouzwa polepole. Mwaka 2014 kazi ya vitabu vya kiada ikarudishwa Taasisi ya Elimu Tanzania. Wachapishaji walipopoteza soko hilo, mwandishi asiye na jina ndiye aliyeumia kwanza. Leo anaomba mwenyewe namba ya ISBN kutoka Bodi ya Huduma za Maktaba, anamlipa mhariri na mchora jalada, kisha anapakia maboksi ya vitabu kwenye basi.

Wachimbaji wadogo wa dhahabu wa Nyarugusu, Geita, wanaielewa hesabu hii. Mwenye duara, yaani shimo la kuchimbia, hugharamia chakula, magogo na pampu kabla mfuko mmoja wa mawe haujafika kwenye karasha kusagwa, na akiishiwa humkaribisha mfadhili wagawane mifuko. Mwandishi anayejichapishia anagharamia duara na kulichimba yeye mwenyewe, bila mfadhili. Ndiyo maana ninamsihi asikope fedha ili achape nakala nyingi kwa mkupuo. Achape chache, auze, achape tena.

Njia nyingine ni kuuza riwaya sura kwa sura kwenye WhatsApp, malipo yakiingia kwa simu. Siidharau. Wasomaji wa Kiswahili walizoea hadithi za mfululizo magazetini, na Eric Shigongo, ambaye mwaka 2020 alichaguliwa kuwa mbunge wa Buchosa, jirani kabisa na Geita, alijenga jina kwa hadithi za aina hiyo. Hatari yake ni kwamba msomaji aliyelipa jana anadai sura ya leo. Mwalimu mwenye rundo la madaftari ya kusahihisha ataandika usiku wa manane, atarefusha kisa ili wateja wasikimbie, na mhusika aliyeanza vizuri ataharibika katikati. Riwaya ikamilike kwanza, mpaka mwisho, ndipo sura ya kwanza iuzwe. Huu ni uamuzi mmoja tu, lakini unaokoa usingizi, ajira na ubora wa kazi kwa pamoja.

Kalenda nayo iangaliwe kwa macho ya Usukumani. Likizo ya Desemba inaangukia kwenye kilimo, na mwenye shamba la pamba au mahindi hawezi kuipa riwaya mwezi huo. Likizo ya Juni ina nafasi zaidi, ingawa mwenye pamba bado anavuna. Anayefanya kazi kwa zamu mgodini ana siku zake za mapumziko. Azigawe na familia kwa makubaliano ya wazi, maana mke au mume anayeibiwa muda kimyakimya hataipenda riwaya hiyo.

Muswada uliokamilika pia una mlango ambao haukuwapo zamani. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyotolewa kwa mara ya kwanza Aprili 2023, humpa mshindi wa kwanza shilingi milioni 10. Aniceti Kitereza wa Ukerewe hakuwa na mlango huo: alimaliza riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945. Ilitoka kwa Kiswahili mwaka 1981, naye akafariki kabla nakala hazijamfikia. Kuondolewa kwa wachimbaji wadogo Bulyanhulu mwaka 1996, ulinzi wa jadi wa sungusungu, mauaji ya vikongwe kwa tuhuma za uchawi: hayo yanahitaji riwaya za watu walioyaishi, nao hawana miaka 36 ya kusubiri.

Riwaya hizo zitahitaji wanunuzi pia. Baada ya marekebisho ya mwaka 2017, Sheria ya Madini inazitaka kampuni za madini kukubaliana na halmashauri kila mwaka juu ya mpango wa uwajibikaji kwa jamii. Madiwani wa Geita na Msalala, mnapopanga madarasa na zahanati, tengeni pia fungu la kununua riwaya za waandishi wa hapa kwa ajili ya maktaba za shule zenu.