Hilful-Fudhul na rushwa inayovuka ziwa

 

Ndugu msomaji, hivi karibuni, baada ya sala ya Ijumaa hapa Usevya, alinijia mkulima mmoja wa mpunga akiwa na swali ambalo sikuwa na jibu lake la haraka. Mnunuzi wake hupeleka mchele Karema na kuuvusha Ziwa Tanganyika hadi Kongo. Msimu huu mnunuzi amempunguzia bei ya kila gunia, akimwambia kuwa njiani kuna wenyewe, wengine upande huu na wengine ng'ambo, na wote wanataka chao. Sitaitaja ofisi wala kizuizi. Mzee akaniuliza: “Sheikh, ile pesa yangu inayoliwa ng'ambo ya ziwa, nitamdai nani?”

Swali hili liliulizwa Makka kabla ya utume. Mfanyabiashara kutoka Zabid, Yemen, alimuuzia bidhaa Al-As bin Wail, mmoja wa wakubwa wa Kikuraishi, naye akakataa kumlipa. Mgeni yule hakuwa na ukoo wa kumtetea, na wale aliowaendea kwanza wakampa kisogo. Ndipo akapanda jabali la Abu Qubais, Wakuraishi wakiwa wamekaa pembezoni mwa Al-Kaaba, akawalilia kwa sauti. Zubair bin Abdul-Muttalib akasimama, na koo kadhaa zikakutana nyumbani kwa Abdullah bin Jud'an, zikaahidiana kuwa mkono mmoja pamoja na kila aliyedhulumiwa, awe mwenyeji au mgeni. Wakamwendea Al-As, wakamrudishia mgeni haki yake. Mtume wetu alihudhuria agano hilo, Hilful-Fudhul, akiwa kijana wa yapata miaka ishirini, na baada ya kupewa utume alisema kuwa lau angeitwa tena kwa mfano wake, angeitika.

Tazama kilichofanyika pale. Dhalimu alikuwa salama kwa sababu kila ukoo uliishia kwenye mpaka wake. Koo zilipokubaliana kuwa dhuluma haina ukoo, alikosa pa kujificha.

Leo mahali pa koo pamekaliwa na dola. Ofisa wa TAKUKURU hawezi kuvuka ziwa akamkamata mtu Kalemie, na mwenzake wa Kongo hawezi kuja kupekua nyumba Mpanda. Mla rushwa anaijua sheria hii kuliko sisi. Hupokea huku, akaweka kule, tena kwa jina la shemeji yake.

Kwa ajili hiyo nchi zetu zimeandikiana mikataba. Nchi za SADC, ambamo Tanzania na Kongo zote zimo, zilitia saini itifaki dhidi ya rushwa mjini Blantyre, Agosti 2001, nayo ikaanza kufanya kazi mwaka 2005. Umoja wa Afrika ulipitisha mkataba wake Maputo tarehe 11 Julai 2003. Ibara ya 15 ya mkataba huo inahusu kurejeshana watuhumiwa, na ya 17 inakataza siri za benki zisiwe kisingizio cha kuwanyima wachunguzi ushahidi. Mwaka 2007, mwaka uleule Tanzania ilipotunga Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa, ndipo ulipoundwa umoja wa taasisi za kupambana na rushwa za Afrika Mashariki, wenye makao yake Kampala. Zimo za Kenya, Uganda, Tanzania, Rwanda, Burundi na nyinginezo. Kongo nayo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, kwa hiyo jirani yetu wa ng'ambo sasa ni mwanajumuiya.

Karatasi tunazo. Linalonisikitisha ni kwamba mifano inayokumbukwa na wengi ni ya London. Katika sakata la rada iliyouzwa Tanzania kwa pauni milioni 28, kampuni ya BAE ilikiri mwaka 2010 kosa la kutotunza hesabu ipasavyo (si kosa la kutoa rushwa, tuseme haki), ikatozwa faini ya pauni 500,000, na pauni milioni 29.5 zikaelekezwa kwa Watanzania, zikanunua vitabu na madawati. Mwaka 2014 mahakama ya huko iliitia hatiani kampuni ya uchapaji ya Smith & Ouzman kwa kuwahonga maofisa wa Kenya, na fedha zilizopatikana zikanunulia Wakenya magari ya wagonjwa. Watoto wetu wamekalia madawati ya kesi iliyosikilizwa mbali vile, ilhali kutoka Karema hadi Kongo ni ziwa moja tu.

Na sisi watoaji je? Aya ya 188 ya Suratul-Baqara inakataza kulana mali kwa batili na kuzipeleka kwa mahakimu ili kula haki za watu, na sheria ya 2007 inamtia hatiani mtoaji kama mpokeaji. Kweli, wanazuoni wengi wamesema kuwa aliyezuiliwa haki yake, asipate njia nyingine ya kuipata, dhambi ni ya mpokeaji. Lakini nakiri kuwa wengi wetu tumejificha chini ya ruhusa hiyo kabla hata hatujaitafuta hiyo njia nyingine. Mnunuzi wa mzee wetu hakuwahi kupiga namba 113 ya TAKUKURU, ambayo haina malipo. Aliona wepesi kuitoa pesa hiyo katika bei ya mkulima.

Nilimshauri mzee amwite mnunuzi, na tukakaa watatu barazani. Mnunuzi alisita, kwani njia ni ileile na kesho atapita tena. Hofu hiyo si ya kubezwa. Mwishowe alikubali kuandika tarehe, mahali na kiasi, bila jina lake. Ijumaa iliyofuata mzee alikuja na daftari la shule la mjukuu wake, ukurasa wa kwanza umejaa. Ukurasa wa pili, wa ng'ambo ya ziwa, mnunuzi ameahidi kuujaza akirudi kutoka Kalemie.